Giza la Mama Benta

Nianze na vumbi, maana ndilo lililoniletea balaa lote.

Sisemi vumbi la barabara ya Kombewa. Hilo nalijua na lenyewe linanijua. Nasema vumbi lililotanda kati ya nyota, jembamba, hafifu, lisiloonekana kwa macho hata ukiyakodoa namna gani. Kuna galaksi moja upande wa kusini, kwenye kundi la nyota liitwalo Tausi. Iko mbali kiasi kwamba mwanga wake ulianza safari kabla hakujawa na binadamu wa kuungoja. Mbele yake, huku karibu na kwetu, ndiko lilikotanda hilo vumbi. Galaksi yenyewe unaipiga picha kwa muda mfupi na unaipata. Vumbi halitaki haraka. Unapiga picha ile ile tena na tena, usiku baada ya usiku, kisha unazilaza moja juu ya nyingine kwenye kompyuta mpaka lijitokeze kama moshi unaotoka jikoni kwa jirani. Na lazima pawe na giza la kweli, si giza la Migosi ninakoishi, ambako taa ya ploti inawaka hadi asubuhi na ukimwomba mwenye nyumba aizime anakuuliza unapanga kuiba nini.

Mimi ni Nasambu, mwalimu wa fizikia hapa Kisumu. Darubini yangu niliipata kwa taabu ambazo sitazisimulia, na nimo katika kikundi cha wapenda nyota ambacho mwenyekiti wake, Walubengo, anakaa Nairobi na anajua kila kitu. Nilipotangaza kwamba mwaka huu nitalipiga picha lile vumbi, aliniandikia mbele ya wanakikundi wote: "Dada, huko ziwani sahau vumbi. Kuna unyevu, mawingu na taa za omena. Wewe piga mwezi." Piga mwezi! Ni kama kumwambia mpishi wa harusi achemshe maji ya chai. Tangu siku hiyo nililitaka vumbi lile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na ninasema hivyo nikiwa mtu aliyeolewa.

Kuhusu taa za omena, lakini, hakukosea. Omena, wale dagaa wa ziwa letu, huvuliwa kwa taa, usiku ambao mwezi haupo. Usiku ninaoutaka mimi ndio wanaoutaka wavuvi, na ukitazama kusini wakati huo ziwa zima linang'aa utadhani mji umehamia majini. Afueni yangu ni kwamba kila mwaka uvuvi wa omena hufungwa kwa miezi kadhaa ili samaki wazaane, na haufunguliwi mpaka Julai iishe. Katika miezi hiyo ziwa hulala. Kwa hiyo nilikuwa na giza la Mei, giza la Juni na giza la Julai. Baada ya hapo ningengoja mwaka mwingine, nikisoma mafumbo ya Walubengo kwenye simu.

Mahali nilikuwa napo. Mume wangu, Aloo, kwao ni Seme, chini ya Kombewa, kwenye mteremko unaotazama ziwa. Mama yake, Benta, ni mjane anayekaa pale peke yake, na sisi tuna nyumba yetu ndogo ya mabati kwenye boma hilo hilo. Aloo ni fundi wa majokofu na wikendi ndizo siku zake za kuitwa huku na huku, basi nilikuwa napakia darubini kwenye gari letu kuukuu kila Jumamosi ya giza na kwenda mwenyewe.

"Nyar Kimilili," Mama Benta aliniambia siku ya kwanza, maana Wajaluo humwita mke kwa jina la kwao alikozaliwa, "wewe natoka Kisumu mpaka hapa kutafuta vumbi?"

"Ndiyo, Mama."

"Vumbi imejaa hapo chini ya kitanda yako. Chukua ufagio, utapata hata bila hiyo mzinga."

Alicheka mpaka akashika kiuno. Lakini usiku ulipoingia aliniletea kiti, na kabla ya kulala alizima taa zote za boma bila kuulizwa.

Giza la Mei lilikuwa mawingu matupu. Nilikuwa nafika mbingu ikiwa safi, nafunga darubini, naelekeza kamera, na kabla sijakaa vizuri wingu linapanda kutoka ziwani na kujilaza juu ya Tausi kana kwamba limetumwa. Nilitukana kwa Kibukusu ili mama mkwe asinielewe. Juni mawingu yalipungua, wakaja wadudu wa ziwani, wale wadogo wanaoruka kwa makundi, wakajaza lenzi kama uji. Wadudu walipoondoka, ukaja umande. Mwishowe nilipata Jumamosi moja safi na nikapiga picha mpaka alfajiri. Nilipozilaza pamoja, galaksi ilitokea vizuri, imejiviringa, na katikati yake kuna doa jeupe. Vumbi halikuonekana. Lilihitaji usiku mwingine kama ule, na mwingine tena.

Sikujua kwamba usiku huo huo nilikuwa nimeonekana.

Mtu anayepiga picha za nyota hawashi taa nyeupe, kwa sababu itamharibia macho na picha. Nilikuwa navaa taa nyekundu kichwani, hafifu, ya kuniwezesha kuona vifungo tu. Nainama, nachungulia, nasimama, nazunguka, nainama tena. Simsemeshi mtu. Sasa nendeni mkamweleze mwanakijiji yeyote wa Seme, au wa kwetu Kimilili kwa kweli, kwamba kwenye boma la mjane kuna kitu kinainama na kuinuka gizani kikiwa na jicho jekundu. Hatafikiria darubini. Atafikiria jajuok, yule mtu anayekimbia usiku uchi, akirusha mawe juu ya mabati ya wenzake na kucheza mlangoni pao. Jajuok halazimiki kumdhuru mtu. Inatosha kujulikana kwamba ndiye, na hakuna atakayekula chakula chake tena.

Niligundua mambo yameharibika Julai, nilipofika na kukuta jirani yetu, Absalom, amesimika mlingoti. Juu yake kulikuwa na taa kubwa ya sola, nyeupe pepepe, na aliielekeza moja kwa moja kwenye boma letu. Darubini yangu ilitoa kivuli. Kivuli, usiku!

Kesho yake mchana nilimwendea. Absalom ni mtu mpole, mzee wa kanisa, anafuga kuku. Alinipa kiti kizuri kuliko chake.

"Mwalimu, mimi naheshimu wewe sana," alisema. "Lakini hiyo taa siwezi zima."

"Kwa nini, Mzee?"

"Kuna kitu inatembea hapo kwenu usiku. Watu wameona. Inainama, inaamka. Jicho ni moja, nyekundu."

"Ni mimi, Mzee. Ni mimi na darubini yangu. Napiga picha."

"Picha ya nini?"

"Ya galaksi. Na ya vumbi lililo mbele yake."

Alinitazama kwa huruma nyingi sana. "Mwalimu. Mwanamke ameolewa, ako na kazi ya serikali, anasimama nje usiku mzima kwa baridi, anapiga picha ya vumbi?"

Nikatoa simu nimwonyeshe ile picha ya Juni. Aliishika mbali na uso wake, akaigeuza, akaitazama galaksi ilivyojiviringa na doa lake jeupe katikati.

"Hii si ni jicho?" aliuliza, akanirudishia simu haraka. Kisha akashusha sauti. "Wewe ni mtoto mzuri. Wengine wangekimbia. Wewe unamfunika mama."

Nilitamani kupiga ukuta wake teke. Nilirudi nyumbani nikamweleza Mama Benta kila neno, nikitarajia atashtuka. Alikuwa anaanika vitambaa vya madhabahu. Kwa miaka mingi kazi hiyo ya kuvifua na kuvipiga pasi ilikuwa yake, na hakuna mwanamke kanisani aliyethubutu kuigusa.

"Mimi? Jajuok?" alisema. "Na hii magoti? Nitakimbia namna gani?"

"Mama, si mzaha. Afadhali niache tu. Nitatafuta mahali pengine."

"Pengine wapi?"

Hakukuwa na pengine, na Julai ilikuwa inakatika. Labda mwanamke mwema angefungasha darubini siku hiyo. Mimi nilitaka vumbi langu.

Jumamosi iliyofuata mwezi haukuwepo na anga lilikuwa safi ajabu, jeusi, limeoshwa na mvua ya mchana. Taa ya Absalom ilikuwa inawaka. Mama Benta alitoa mablanketi yake yote tukayatundika kwenye kamba ya nguo, na darubini nikaiweka nyuma yake. Haikusaidia sana. Kila picha ilirudi ikiwa na ukungu mweupe upande mmoja. Nilizifuta moja moja, nikiuma meno, huku Tausi akipanda juu ya ziwa lenye giza zuri ambalo baada ya siku chache lingejaa taa za omena. Nilikaa chini kwenye nyasi zenye maji nikalia. Nililia kwa sauti kama mtoto aliyenyimwa, na sikujali nani anasikia.

Walisikia. Kidogo hivi nikaona tochi zinakuja kwenye kijia, nyingi, zinapekua huku na huku. Zilipita juu ya mablanketi, juu ya mabati, juu ya lenzi. Mbele alikuwa Absalom na nyuma yake wanaume wa jirani, na nilisikia fimbo zikigonga ua.

"Ng'a no?" Absalom aliita. Nani huyo?

Nilifungua kinywa nijibu. Mlango wa Mama Benta ukafunguka kabla yangu. Alitoka akiwa na shuka moja tu, kichwa wazi, nywele zake nyeupe zimesimama, akaenda mpaka katikati ya mwanga wa tochi zao.

"An Benta," alisema. Mimi ni Benta.

Yaliyofuata yalisemwa kwa Dholuo, na Dholuo changu ni cha sokoni, lakini hayo niliyaelewa yote. Aliwauliza kama ni yeye waliyekuwa wanamtafuta. Aliwaambia ametoka, basi waje. Hakuna aliyesogea. Kisha akasema, kwa sauti ile ile anayotumia kutangaza mkutano wa akina mama, "Absalom, zima hiyo taa yako. Inaniumiza macho. Au nije niizime mwenyewe usiku?"

Tochi zilizimika kama zilizopulizwa. Nilisikia miguu, na mtu akaanguka kwenye mtaro akainuka bila kulalamika. Muda si muda, kule juu kwenye mlingoti, ile taa ikafa.

Likawa giza. Sijawahi kuona giza kama lile. Hakuna mlango uliofunguliwa, hakuna pikipiki iliyopita, hakuna aliyethubutu hata kuwasha kibiriti mahali ambapo Benta angekiona.

"Mama," nilisema, "umefanya nini? Kesho ni Jumapili. Utawaambia nini?"

"Kesho ni kesho. Kamera nafanya kazi?"

"Inafanya."

"Basi nyamaza. Utaitingisha."

Akaketi kwenye kiti alichokuwa akiniletea mimi, akajifunika blanketi moja, akakaa nami mpaka jogoo wa Absalom walipowika.

Nilizilaza zile picha Jumatano jioni, nyumbani Migosi, sahani ya chakula ikipoa pembeni. Vumbi lilikuwepo. Lilipita juu ya galaksi kwa mshazari, rangi ya kahawia iliyokauka, limechanika hapa na pale, na kupitia mianya yake ungeona galaksi nyingine ndogo zaidi, nyuma kabisa, ambazo sikuwa nimezitafuta. Nilipiga kelele mpaka Aloo akaja mbio akidhani ni nyoka.

"Iko wapi?" aliuliza.

"Hapo. Na hapo. Hii yote."

"Mimi naona kama kioo haijapanguswa," alisema mume wangu, akanyoosha mkono apanguse. Nilimpiga kofi mkononi.

Nikaituma kwa kikundi. Watu waliipongeza. Kisha Walubengo, baada ya kujivuta makusudi, akaandika: "Kazi safi, dada. Lakini hilo si vumbi, ni mwanga wa taa za chini. Linadanganya wengi. Ongeza usiku mmoja wa giza kamili. Likibaki palepale, nitakubali na tutaitangaza."

Nilitupa simu kitandani. Ila alikuwa na haki, ndicho kilichoniuma. Usiku mmoja ungemaliza ubishi, na Jumamosi moja ilikuwa imebaki kabla ya omena kufunguliwa. Nilijiambia: Jumamosi.

Nilifika Seme jua likielekea kuzama, anga limesafishika kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kamba ya nguo ilikuwa tupu. Mama Benta alikuwa amekaa mlangoni, hafanyi kitu, na mimi sikuwahi kumwona hafanyi kitu.

"Vitambaa viko wapi, Mama?"

"Walikuja kuchukua. Wanasema sasa ni kupokezana."

"Nani anapokezana?"

"Wote. Isipokuwa mimi." Alisema bila kunitazama. "Jumapili nilikaa benchi yangu. Wakahama."

Nilisimama hapo hapo. Nilimwambia kesho nitaenda kanisani, nitasimama mbele, nitawaonyesha picha, nitawaeleza kila kitu kuanzia Mei.

"Si uliambia Absalom? Alisema nini?"

"Kanisani nitaeleza vizuri zaidi."

"Watasema nimekufundisha, Nyar Kimilili. Jajuok hufundisha nani? Si bibi ya mtoto wake? Wataogopa wewe pia, na watoto utazaa." Akavuta pumzi. "Wacha. Piga picha yako. Leo hakuna mtu atakuja hapa."

"Kwa nini ulifanya vile, Mama? Mimi sikukuomba."

Alifikiri, akikuna goti. "Tangu Mei naona wewe hapo nje na baridi, unagombana na mawingu. Nimezaa watoto, wote ni wazuri. Lakini hakuna hata mmoja nimeona anataka kitu hivyo. Hata Aloo. Ulipolia, nikasema, huyu apate."

Nilikasirika naye, nikamkasirikia Absalom, na Walubengo, na mwanamke aliyekuja kubeba vile vitambaa bila shaka akijifanya anamsaidia. Na nilijikasirikia mimi, kwa kuwa hata wakati ule, nikisimama mbele yake, jicho langu moja lilikuwa kusini likimtafuta Tausi.

Giza liliingia. Lilikuwa giza lile lile, safi, langu, hakuna mtu wa kulichafua. Darubini ilikuwa bado kwenye gari. Niliufungua mlango wa gari, nikaushika ule mfuko, nikauachilia.

Niliwasha taa za gari kwanza, zile kubwa, zikamulika uwanja wote. Nikaingia nyumbani kwetu nikawasha balbu ya ndani na ya nje. Nikaenda kwa Mama Benta nikawasha za kwake, sebuleni, chumbani, jikoni, milango nikaiacha wazi. Nikatoa meza na viti viwili nikaviweka katikati ya ule mwanga, upande wa kijia, nikachemsha chai.

"Nyar Kimilili, unafanya nini?"

"Nakunywa chai na mama yangu. Kaa."

"Na picha?"

"Kaa, Mama."

Alikaa. Wadudu wa ziwani walikuja kwa maelfu, wakaingia kwenye vikombe, kwenye nywele, kwenye masikio. Watu waliokuwa wanatoka kwenye maombi ya jioni walianza kupita. Wa kwanza waliharakisha, macho chini. Wengine walipunguza mwendo, wakatuona tulivyo: wanawake wawili wamevaa nguo, wanafukuza wadudu. Nilimsalimu kila mmoja kwa nguvu. Wachache waliitika, nao waliniitikia mimi tu, si Mama.

Mwisho alikuja Absalom, akisukuma baiskeli. Alisimama nje ya ua.

"Mwalimu," alisema. "Leo hupigi ile picha?"

"Leo sipigi, Mzee."

Alitazama juu. "Na anga iko safi hivi?"

"Na anga iko safi hivi."

Alitazama zile taa zote, moja baada ya nyingine. Alinitazama mimi kwa muda mrefu, hata baiskeli ikaanza kumwegemea. Mama Benta alikuwa anaopoa mdudu kwenye kikombe kwa ncha ya kidole, kana kwamba hakuna mtu. Absalom aliondoka. Alikwenda hatua chache, akasimama, na bila kugeuka vizuri akatoa salamu ya jioni, "Oimore, Mama."

Mama Benta alimwacha angoje. "Oimore, Absalom," akajibu hatimaye, na baiskeli ikaendelea.

Nililia tena, kwa hasira, nasema kwa hasira. Mama Benta akanigusa mkono. "Amesalimu," alisema. "Sasa zima. Masaa bado iko mingi, utapata hiyo vumbi yako."

Nilimwongezea chai.